Bawaba kutoka Raskazone

Kifurushi kimefika na basi la saa kumi,
gazeti, kamba ya mkonge, jina langu kwa penseli:
Fundi Oforo, Pasua, Moshi, jirani na mashine ya kusaga.
Ndani yake bawaba.
Bawaba yangu.
Niliichomea mimi, huu mwaka wa tatu,
naijua kwa kovu la mshono upande wa kushoto,
maana mshono ni mwandiko.
Sasa imevimba, imeota magamba,
ukiibonyeza inamung'unyika kama mkate wa juzi.

Shekiondo amezoea kuniandikia kwa vina.
Watu wa kule hata bei ya mchanga wanaitia mizani:

    Njoo fundi wa mageti, chumvi huku haisazi,
    Inakula kila kiti, yala dirisha na ngazi,
    Mwaka mmoja ni bati, likiguswa ni machozi,
    Funga mashine na cheti, huku haiishi kazi.

Nikacheka peke yangu. Kisha nikaacha.

Huku mlimani chuma kinaishi kuliko mwenye nyumba.
Geti la mzee Kilewo nililipachika mwaka ule kahawa ilipokosa bei;
mzee tumeshamzika, wajukuu wamegombana, kihamba kimekatwa vipande vinne,
geti bado linafunguka kwa kidole kimoja.
Nani aniite tena?
Nikipita wananisalimia kwa heshima,
heshima tupu.
Kazi nzuri ina fitina yake: inakunyima kazi.

Kule bahari ni mteja asiyelala.

Nazikumbuka zile wiki tatu za roshani ya daktari:
alfajiri sina sweta, sina soksi,
mwili umelegea kama kamba iliyotuliwa mzigo.
Saa sita watu wanaacha kazi bila aibu,
mama mwenye nyumba ananiletea dafu,
"Fundi, jua hilo halishindwi. Kaa."
Nikakaa! Mimi, mtoto wa Mamba Kokirie,
niliyelelewa kwamba anayekaa mchana ni mgonjwa.
Jioni, kabla ya kuupaka rangi ukingo wa chuma,
niliuramba, nijue nashindana na nani.
Usiku nikamsikia mwenyewe, chini ya ukuta,
anasaga, anasaga, taratibu,
kama mtu anayepiga msasa kazi ya mwenzake.

Ndeshi ameichukua bawaba, ameipima kiganjani.
"Kwa hiyo unataka kwenda mahali
ambapo hakitabaki kitu cha mkono wako?"
Akarudi kwenye ndizi zake, anamenya, haniangalii.
Nilitaka kusema: huku vyote vinabaki,
ninayeliwa ni mimi.
Julai hii magoti yamelia kabla ya bawaba yoyote.
Nilitaka kusema: labda kuna raha
kuhitajiwa kila mwaka na ukuta uleule,
kurudi, kugonga, kuambiwa karibu,
umechelewa, tulikungoja.
Nilichosema ni,
"Samaki kule bei rahisi."
Akatoa kicheko cha puani.
Ganda la ndizi likaanguka nje ya beseni, na hakuliokota.

Leo mlima haukujionyesha.
Maji ya mferejini yalikuwa na ile baridi ya kung'ata kucha.
Nimeitundika bawaba kwenye msumari juu ya mashine,
na Aminieli, kijana wangu wa kazi, haishi kuitazama.
Vumbi lake jekundu linadondoka kidogokidogo
juu ya geti jipya la shule ya watawa,
geti ambalo nikilimaliza vizuri
hawataniita tena hadi wasahau jina langu.

"Fundi, tunahama?"

Nimeshavaa miwani meusi, dunia yote ni usiku.
"Futa hilo vumbi," nikamwambia,
"lisije likaota mizizi hapa."

Hakulifuta lote.
Nami sikumrudia.